Mkono wa Dalali

Warda alirudi na ndoo tupu, akaiweka chini taratibu kana kwamba ina kitu ndani.

Mama yake, Mwahija, alikuwa ameshakoka moto. Mafuta yalianza kuchemka kwenye karai, na chumvi, ndimu na pilipili vilikuwa tayari kwenye sahani. Aliitazama ndoo, akamtazama binti yake, kisha akaliepua karai.

"Leo pia?" aliuliza mwishowe.

"Samaki walikuwa wachache."

"Getrude kapita hapa sasa hivi, beseni limejaa vibua mpaka wanadondoka."

"Yeye aliwahi, mama."

"Na wewe je? Si ulitoka hapa hata adhana bado?"

Warda alichota maji akaanza kunawa mikono, akasugua kama mtu anayetoa lami. Ndani ya nyumba sauti ya baba yake ilisikika, sauti ya mtu aliyelala siku nzima akiyahesabu maboriti ya dari.

"Mama Warda! Mtoto karudi? Kapata nini leo?"

"Karudi," Mwahija alijibu, na swali la pili akalipita.

Kibwana alikuwa fundi wa kupaua. Tangu alipoanguka kutoka juu ya nyumba ya mtu, nyonga haikurudi mahali pake, na nyumba hii ya Kilwa Masoko ikawa inakula kupitia lile karai. Mwahija miguu yake inavimba, hawezi kwenda diko, mashua zinakoshusha samaki, kugombea mafungu alfajiri. Yeye anakaanga na kuuza pale barabarani. Mwenye miguu ya kwenda ni Warda. Sasa miguu ilikuwa inakwenda na kurudi bure, na wateja walishaanza kuuliza kwa sauti ya kumhurumia, "Bi Mwahija, biashara umeacha?" Maneno ya huruma ya namna hiyo huwa na mwiba ndani yake.

Uani kulikuwa na chumba kimoja cha kupangisha. Mpangaji aliitwa Brigita, mwanamke wa Rondo, Mkatoliki, mlinzi wa ghala moja mjini, aliyewahi kupitia mafunzo ya mgambo. Alikuwa ametoka lindo, amekaa kizingitini anafungua buti. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Warda.

"Hizo alama umezipata wapi?"

"Ni kamba ya ndoo, dada Brigita."

"Kamba haina vidole, mdogo wangu."

Warda akaushusha mkono wa baibui. Lakini mama yake alishafika, akaupandisha tena. Alama zilikuwa pale, nyekundu zikielekea kuwa nyeusi: vidole upande wa juu, dole gumba upande wa chini.

"Nani?" Mwahija aliuliza kwa kunong'ona, maana dirisha la Kibwana lilikuwa wazi.

Msichana alianza kulia bila sauti, kama alivyofunzwa tangu udogoni. Ikatoka kidogo kidogo. Ni Twalib, dalali wa pale diko, anayenadi samaki. Warda akitaja bei, Twalib anatazama baharini kama hajasikia, fungu anampa mwingine. Watu wakipungua anamwambia, "Fungu lako lipo, mtoto mzuri. Lipo banda la barafu. Ingia uchague." Alipokataa, akamshika. Leo alimvuta mpaka mlangoni.

"Mwili wote uliganda, mama. Hata kelele sikupiga. Mashua ikaingia, watu wakaja mbio, ndiyo akaniachia. Halafu akacheka, akaniambia nitarudi mwenyewe nikishikwa na njaa."

Mwahija aliketi chini pale pale kwenye majivu. Twalib huyu anaswali safu ya kwanza. Kibwana alipoanguka, ndiye aliyekuja na kilo ya sukari na kusoma dua kitandani. Laiti watu wangekuwa na ngozi ya kuonyesha kilicho ndani! Lakini Mungu hakutuumba hivyo, na ana hekima zake.

"Baba yako asijue," alisema. "Atakwenda na shoka lake na hiyo nyonga, tutaletewa maiti."

"Basi nisiende tena."

"Usipokwenda tutakula nini?"

Hapo ndipo Brigita alipoweka buti pembeni, akasimama peku. "Mama Warda, inuka. Mshike mwanao kama yule alivyomshika. Mshike kwa nguvu, usimhurumie."

* * *

Walianza siku hiyo hiyo baada ya alasiri, nyuma ya ua wa makuti, kanga zimekazwa viunoni.

"Akikushika usivute nyuma," Brigita alisema. "Ukivuta nyuma unashindana na vidole vinne. Tafuta dole gumba, lenyewe lina upweke. Zungusha mkono kuelekea hapo, kiwiko kimfuate yeye, sogea kwake. Ndiyo, sogea! Utatokea pale kama muhogo unavyong'oka."

Mara ya kwanza Warda hakutoka. Mara ya pili akatoka, lakini mama yake alilegeza kwa huruma, na Brigita akagomba. "Mama Warda, huyo si mgonjwa unayemwogesha! Mshike!" Mwahija akashika kweli, kwa mikono iliyozoea kukamua nazi, na binti akazunguka, akatoka, mama akapepesuka mpaka kwenye kamba ya nguo. Walicheka wote watatu, wakaziba midomo.

Walijifunza kukanyaga wayo wa mtu kwa kisigino, kiwiko cha mbavu, na kiganja cha kidevu. Brigita hakutaka mambo mengi. "Mimi sikufundishi ngumi," alisema. "Nakufundisha kurudi nyumbani. Ukishatoka mkononi mwake, ondoka. Usibaki kutazama umefanya nini."

Kilichomshinda Warda kilikuwa sauti. Kila alipoambiwa apige kelele, ilitoka sauti nyembamba, ya adabu.

"Unamwita kuku?" Brigita aliuliza.

"Ndiyo sauti yangu, dada."

"Hapana, hiyo umepewa. Yako iko chini, kule tumboni. Itafute." Warda aliitafuta asiipate. Kisha akauliza, "Na nikisema mwizi? Watu si watakuja upesi zaidi?"

Uso wa Brigita ulibadilika. "Watakuja upesi, na mawe, na tairi. Nimewahi kusimama lindo nikaona walichobakisha. Ukisema neno hilo umeua mtu, hata kama ulitaka akuachie mkono tu. Sema jina lake, na sema anachokifanya. Watu wa namna hii jina lao zuri ndiyo nguo yao."

Mwahija aliyasikia hayo, lakini moyoni kulikuwa na jambo. Jioni alikwenda kwa Bi Somoe, aliyewafundisha wanawake wengi wa mtaa ule Kurani, akamuuliza kwa kuzunguka zunguka, kama watu wanavyouliza mambo ya aibu. "Bibi, mwanamke akishikwa na mwanamume asiye maharimu wake, afanyeje?"

"Ajinasue."

"Na kama hajui?"

"Afundishwe. Kwani kuogelea tulizaliwa tunajua?"

"Na mwalimu kama ni Mkristo?"

Bi Somoe alimtazama sana. "Daktari aliyekuzalisha wewe huyo mtoto alikuwa na dini gani?"

Mwahija alirudi nyumbani amepumua. Kilichobaki kilikuwa Kibwana. Mtu aliyelala husikia kila kitu, naye alisikia vishindo, miguu ikipiga ardhi na watu wakianguka.

"Mama Warda, huko uani kuna nini?"

"Mambo ya wanawake, baba Warda."

Kibwana hakuongeza swali. Kwa watu wa kwao, mwanamke akisema hivyo huku nyuma ya ua kuna vishindo, mwanamume mwenye adabu anajua kuna mwali anachezwa, na unyago haupelelezwi. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio ili asije akasikia ya siri. Kila alasiri vishindo vilipoanza, redio nayo ilipanda. Mwahija alileta istighfari, ingawa hakuona kwamba amesema uongo.

Wakati huo samaki walinunua kwa mkono wa pili, kwa Getrude, kwa bei ambayo haikuacha hata cha kununulia kuni vizuri. Getrude aliwauzia bila kuwatazama usoni. Mwahija alidhani ni maringo.

Brigita aliweka sheria moja zaidi, na sheria hiyo ndiyo iliyoleta balaa. "Kuanzia leo nitakushika bila kukuarifu. Bombani, chooni, ukisonga ugali. Adui hapigi hodi. Mwili wako ujibu kabla akili haijauliza." Na kweli alimnyatia. Siku moja alipata mwiko wa ugali mdomoni, mdomo ukavimba, akaenda lindo anacheka.

* * *

Shangazi yake Kibwana alifariki mtaa wa pili. Kibwana alipelekwa kwa bajaji, akakalishwa mkekani kwa wanaume, fimbo pembeni. Siku ya khitma watani wa ukoo walitoka Kinjumbi, na kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mwembamba, hana meno ya mbele, aitwaye Abilahi.

Mtani msibani ni mfalme. Abilahi alikuja amevaa gauni la kike lililochanika, akajilaza mlangoni akawazuia watu wasipite mpaka watoe chochote. Alichukua viatu vya shehe akavitangaza mnadani. Alilia kuliko wafiwa, akisema marehemu alimuahidi kumwoa akafa kwa kukwepa. Watu waliokuwa wanalia walicheka, waliokuwa wanacheka wakalia tena, na ndiyo kazi ya mtani.

Warda alikuwa upande wa jikoni na akina mama wa mtaa, wengi wao wauza samaki, akipakua pilau. Brigita naye alikuwepo, ametoka misa ya Jumapili, anaosha sahani. Abilahi alinyata nyuma ya masufuria, kiganja kimejaa majivu, akawakonyeza wanawake wasiseme. Brigita alikuwa ameinama. Mzee akamdaka Warda mkono.

"Mke wangu huyu! Nimem…"

Hakumaliza. Mkono ulizunguka kwenye dole gumba, kiwiko kikaingia mbavuni, kisigino kikashuka juu ya kidole cha mguu. Na ile sauti iliyotafutwa kila alasiri ikatoka yenyewe:

"NIACHEE!"

Ilifika kwa wanaume, ikafika barabarani. Kisomo kilikatika. Abilahi alikuwa amekaa ndani ya beseni la maji machafu, gauni limeelea pembeni yake, macho yametoka.

Hakuna aliyecheka. Mtani hutukanwa, humwagiwa maji, hufungwa kamba, lakini hapigwi kwa kweli. Kumpiga mtani msibani ni kama kuvunja chungu cha nyumba. Warda aliitazama mikono yake kama si yake. "Babu," alisema, "babu, nisamehe, sikujua ni wewe…"

Mzee Mfaume, kaka yake mkubwa Kibwana, alifika wa kwanza, ameinua pindo la kanzu mkononi. Nyuma yake Kibwana alikuja akijikokota na fimbo, na watu wakampisha kwa namna ya kumdharau kidogo, kama anavyopishwa mtu ambaye mwanawe amemwaibisha.

"Kibwana," Mzee Mfaume alisema, "tangu nizaliwe sijaona. Binti yako kampiga mtani wetu kwenye msiba wa shangazi yetu. Huko kwako mnalea au mnafuga?"

Kibwana aliinamisha kichwa.

Kutoka kwenye beseni Abilahi aliinua kidole. "Mimi nimekufa au bado?"

"Bado, mtani," mtu alijibu.

"Basi nataka faini. Kuku, tena jogoo. Na nataka kuambiwa nani kamfundisha mke wangu huyu, maana mimi nimepigwa na wake wengi, lakini hivi, hapana."

Brigita alijifuta mikono. "Ni mimi, babu. Na kosa ni langu. Nilimwambia ajibu kabla hajatazama."

"Umemfundisha nini?" Kibwana aliuliza. Alimgeukia mkewe. "Wapi?"

"Uani," Mwahija alisema.

"Mimi nilidhani mnamcheza mwali."

"Tulikuwa tunamcheza, baba Warda." Akamtazama binti yake. "Sema, mwanangu. Hapa pana wazee. Sema."

Warda alisema. Hakupamba. Alimtaja Twalib, akalitaja banda, akasema alishikwa wapi na aliambiwa nini. Mzee Mfaume alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Twalib yupi? Huyu dalali wetu? Juzi tu alikuwa nasi kaburini, kashika jembe. Mtoto, ulimi hauna mfupa, angalia usije ukamvunjia mtu…"

"Banda la barafu?" Sauti ilitoka nyuma ya masufuria. Ilikuwa ya Getrude, upawa mkononi. "Mlango wa bati, ule unaofungwa kwa ndani kwa waya?"

"Ndiyo," Warda alisema.

Getrude alitazama upawa. "Kila siku mnasema Getrude anawahi. Getrude ana bahati, beseni limejaa." Aliuweka upawa chini. "Siwahi."

Mwanamke mwingine, mnene, aliyekuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua uso, "Na mimi alinivuta. Mimi nilimuuma." Mzee Mfaume alishusha kanzu yake. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na aibu ilimshika pale pale mbele ya wanawake.

Mwahija aliikumbuka ile dhana yake ya maringo, akaona haya. Alikwenda akasimama karibu na Getrude, bega kwa bega, akamshika kiuno.

"Nipeni shoka langu," Kibwana alisema taratibu.

"Baba."

"Nimesema nipeni."

"Baba, ukienda wewe ataanguka mtu mmoja, na hatakuwa yeye."

Ni neno zito kuambiwa na mtoto wako mbele za watu. Kibwana aliegemea fimbo. Kila mtu alimhurumia, na yeye aliiona huruma ile. Kisha akaibadilisha fimbo ikaenda mkono wa kushoto, na ule wa kulia, mkono wa nyundo na msumeno, akaunyoosha, akamkamata Warda kifundo cha mkono.

"Nionyeshe," alisema. "Mimi ndiye yeye. Nakuvuta bandani."

Alivuta kweli. Warda alisogea kwake, akazunguka, na mkono ukatoka. Kibwana alikitazama kiganja chake kitupu, akakikunja, akakikunjua.

"Tena."

Ukatoka tena.

Fundi yule aliinua uso, na macho yake yalikuwa na maji. "Nenda diko," alisema. "Nenda ukanunue samaki."

Abilahi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye beseni, akasema, "Na mimi, nyinyi? Mnanipika?" Hapo ndipo watu walipocheka, na kicheko kile kilikuwa kirefu kuliko utani wenyewe. Kuku alitolewa na Brigita.

* * *

Kulipokucha, wanawake walikwenda diko pamoja. Brigita alikuwa lindo, hakuweza kuja. Mashua mbili zilikuwa zimepwelewa, samaki wamepangwa mafungu kwenye turubai: changu, tasi, vibua. Twalib alikuwa na kijiti chake cha kunadia, shati safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, ananadi kwa sauti tamu.

Warda alitaja bei ya fungu la tasi. Twalib akatazama baharini.

Akataja tena, kwa ile sauti ya tumboni. Wachuuzi wawili wakageuka.

"Ala!" Twalib alicheka. "Leo tumekunywa nini? Njoo huku tuongee, usinichafulie mnada." Akampa kijana mwingine kijiti, akamkamata mkono kwa namna ya mkubwa anayemshika mtoto mtukutu, akaanza kumpeleka bandani. Aliyeona aliona mjomba na mpwa wake.

Na Warda akaganda. Yote ya uani yalimtoka. Miguu ilimfuata yule mtu hatua kadhaa kama ya mbuzi wa kafara, na mlango wa bati ukawa unakaribia, na harufu ya barafu ile yenye damu ya samaki ikamfika puani. Hatujui kwa nini mwili hufanya hivyo. Walioshikwa wanajua.

Kisha dole gumba la Twalib likajisogeza kidogo, likajipapasia mshipa wa mkono wake, kwa kujiamini kabisa. Warda alilihisi. Kumbe lilikuwa pale pale, peke yake.

Alisogea mbele. Hakusogea nyuma. Mkono ulizunguka ukatoka, na Twalib, aliyekuwa anavuta kitu ambacho hakipo tena, akapiga mgongo kwenye bati. Bati likalia kama radi.

"Twalib!" Warda alipaza sauti. "Usinishike! Siingii bandani kwako! Nataka samaki kwa fedha yangu!"

Diko lote lilisimama. Na kule mwisho, wasikokuwa wameona, mtu akasikia bati na kelele, akauliza, "Nini? Mwizi?" Neno likadakwa. "Mwizi! Yuko bandani! Mwizi!" Vijana wa kupara samaki wakaja mbio, mmoja ana pondo la kusukumia mashua, mwingine ameokota jiwe la nanga. Hawakujua ni nani, na neno lile halihitaji kujua.

Twalib aliwaona. Uso wake ukawa kama unga. Alifungua mdomo, na yule mwenye sauti tamu hakuwa na sauti.

Warda aliwaona pia. Ilikuwa rahisi. Alikuwa hahitaji kufanya lolote, anyamaze tu, na asingepatikana mtu wa kumlaumu. Kitu hicho kilimpitia moyoni, Mungu anajua, kikapita. Akainua mikono yote miwili mbele ya wale vijana.

"Si mwizi! Hakuna mwizi hapa! Ni Twalib dalali! Kanishika mkono ananivuta bandani, nimemwambia aniache. Basi! Wekeni chini!"

Pondo lilibaki hewani, likashuka. Nahodha mmoja, mwenye mashua, mtu wa makamo, alisogea. "Twalib, kweli?"

"Utani tu, nahodha," Twalib alisema, akijaribu kicheko. "Namtania mtoto."

"Mtani!" Ilikuwa sauti ya yule mwanamke mnene. "Wewe mtani wa nani hapa? Ukoo gani? Mtani wetu tunamjua, jana kala kuku."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimvua Twalib nguo zaidi ya mawe. Getrude alikuja akasimama kando ya Warda. Alimtazama Twalib usoni, naye akashindwa kumrudishia macho. Wanawake wengine wakasogea, na beseni zao na ndoo zao, mpaka mlango ule wa bati haukuonekana tena.

Nahodha aliwatazama wanawake mmoja mmoja, na alichokiona kilimtosha. Alimnyang'anya yule kijana kijiti. "Samaki wangu hanadi huyu," alisema. Mwenye mashua ya pili akasema, "Wala wangu." Getrude ndipo aliponena, kwa sauti ya chini, kwamba akitoka hapo anakwenda polisi, dawati la jinsia, na anayetaka amfuate. Walimfuata watatu. Warda alisema atakuja, aache kwanza samaki nyumbani.

* * *

Mwahija alikuwa ameswali, akaleta uradi, akamaliza, akauleta tena. Karai lilikuwa motoni, maana alikataa kulitoa. Aliona kulitoa ni kumkatia mwanawe tamaa. Kibwana alikuwa amebebewa kiti mpaka mlango wa mbele.

Warda alitokea kwenye kona, amejitwisha ndoo. Shingo ilikuwa imezama kidogo kwa uzito.

Kibwana alitaka kusimama, nyonga ikamkatalia. "Alikushika?"

"Alinishika, baba."

"Halafu?"

"Nikatoka."

"Basi?"

"Basi. Tasi hawa, na changu wawili wakubwa. Bei nzuri, nahodha kanadi mwenyewe. Nikishapara nawafuata akina Getrude polisi." Aliitua ndoo mbele yake. "Baba, usilie, watu wanapita."

"Nani analia? Moshi huo."

Mwahija aliusogelea mkono wa binti yake, akapandisha nguo, akautazama pande zote mbili. Zile alama za zamani zilikuwa zimebaki rangi ya chai tu, na mpya hazikuwepo. Aliushusha mkono ule kwa upole. Kisha, pale pale mlangoni, mikono inanuka kitunguu, bila msala, alielekea kibla akaanguka sijida ya shukrani, paji la uso kwenye mchanga, na akakaa huko muda mrefu kuliko alivyokusudia, maana kila alipotaka kuinuka alikumbuka jambo jingine la kushukuru.

Warda alipara tasi wa kwanza, akampaka chumvi na ndimu, akamtumbukiza. Mafuta yakapokea kwa kelele.

"Mama," aliita baadaye, "mteja amekuja, anauliza kama tumeanza."

Mwahija aliinuka, mchanga umemganda usoni, akajipangusa kwa upindo wa kanga.

"Mwambie tumeanza," alisema. "Na huyo mgeuze, anaungua."